Barua za Wasomaji: Mlangoni Hatudai Cheti

Safari hii barua nyingi zimegusa jambo moja: maisha ndani ya vikundi vya kusaidiana vya watu waliobadili jinsia, pamoja na wale ambao bado wanajitafuta. Nimekaa katika vikundi hivi miaka mingi, kwanza kama mgeni wa kiti cha nyuma, sasa kama mwenye funguo, anayewatangulia wenzake kupanga viti. Nimefupisha barua na kufuta chochote kinachoweza kumtambulisha aliyeandika.

NAFIKA MLANGONI, NARUDI

Shangazi, shikamoo. Nina miaka 34. Nilizaliwa nikaandikwa mwanamume, lakini tangu utotoni najijua kuwa mwanamke. Nimepata mahali kikundi kinapokutana, nimeshafika mpaka mlangoni, nikageuka. Sijaanza homoni na sijui kama nitaanza. Sauti yangu nzito. Nikinyoa asubuhi, jioni ndevu zimeshachungulia. Nikiingia hivi nilivyo, si wataniona tapeli?
— Wa Mlangoni

Marahaba, mwanangu. Hapana, hakuna atakayekuona tapeli. Nimelijibu hilo kwanza kwa sababu ndilo linalokugeuza.

Nikwambie kinachotokea ukishaingia, maana wasiwasi huota pale mtu asipojua kinachomsubiri. Kuna mtu amekaa karibu na mlango. Atakusalimu, kisha atakuuliza: tukuite nani? Kitambulisho hatakitaka. Taja jina ulilolificha moyoni miaka yote, au taja herufi moja, au sema hujaamua. Litaandikwa kwa kalamu ya wino mzito kwenye kikaratasi cha kubandika kifuani, na kikao kijacho ukija na jina lingine tutaandika hilo lingine. Kisha utachagua kiti. Wageni wengi hupenda kilicho karibu na mlango, nasi hukiacha wazi makusudi. Zamu ya kujitambulisha ikikufikia unaweza kusema "leo nasikiliza tu", nayo itapita kwa jirani bila mtu kukukodolea macho. Habari za mwili wako, umefanyiwa nini au hujafanyiwa nini, haziulizwi. Akitokea wa kuuliza, mimi mwenyewe humkatiza.

Sasa hiyo sauti na hizo ndevu. Homoni za kike haziinui sauti ya mtu aliyekwisha kubalehe kiume. Nyuzi za sauti zikishanenepa hubaki hivyo, na anayetaka sauti nyingine huifanyia mazoezi kwa miezi, mara nyingi kwa miaka. Ndevu nazo dawa hizo hupunguza kasi yake tu. Kuzing'oa kabisa ni kazi ya umeme au leza, kikao baada ya kikao. Kwa hiyo chumba unachokiogopa kimejaa sauti nzito na mashavu yenye alama za wembe, zikiwemo za wanawake walioanza dawa zamani sana. Wewe ndiye unayejiona wa ajabu. Wao watakuona mgeni tu.

Wengi hufika na nguo za kazini huku nguo zao wenyewe ziko kwenye mfuko. Tuna chumba kidogo cha kubadilishia, chenye kioo kirefu na ndoano nyuma ya mlango. Nimewaona wengi wakitoka humo kwa mara ya kwanza, na wote hufanana: mikono haijui pa kwenda. Huvuta pindo la gauni chini, hujishika shingo, hutazama sakafu, husubiri watu wanyamaze. Watu hawanyamazi. Maongezi yanaendelea, fulani anatafuta chaja ya simu, halafu mmoja anamwambia, "Dada, zipu yako imeishia njiani, geuka nikufungie." Anageuka. Zipu inapanda. Hapo ndipo huona mabega yake yakishuka. Ukimpigia makofi utamfanya tamasha, na tamasha ameliogopa maisha yake yote. Alichokikosa ni mtu wa kumfungia zipu kisha akaendelea na habari zake.

Hofu yako haikuanza na wewe. Mwaka 1961, mjini Los Angeles, Virginia Prince, aliyekuwa akichapisha jarida la wanaume waliovaa nguo za kike kwa siri, aliwaita baadhi ya wasomaji wake wakutane. Kila mmoja aliambiwa aje na soksi ndefu za kike na viatu vya mchuchumio, amevificha kwenye mfuko. Wakakaa, kisha wakavivaa wote kwa wakati mmoja, asibaki hata mtu wa kukaa pembeni akiwatazama wengine. Zama zile, katika miji mingi ya Marekani, mavazi hayo yangeweza kumfikisha mtu mahabusu, na hofu ya polisi kujipenyeza kikaoni ilikuwa hofu ya kweli. Kwa kuvaa pamoja, kila mmoja alikuwa na cha kupoteza sawa na jirani yake. Sisi leo hatudai mfuko mlangoni, wala cheti cha daktari. Lakini utakaowakuta nao wana cha kupoteza, na wengi wao waligeuka mlangoni kama wewe.

Fanya hivi. Tuma ujumbe mapema, omba mtu akupokee nje. Fika kabla ya saa, chumba kikiwa na watu wawili watatu, maana kuingia mahali palipojaa ni mtihani wa peke yake. Na ukitaka kuondoka baada ya dakika kumi, ondoka. Hakuna atakayekufuata kukuhoji.

WANAMFUNDISHA NINI MWANANGU?

Dada yangu, salamu. Nina mtoto wa miaka 22. Nilimzaa binti, naye sasa anasema yeye ni mwanamume. Kila juma huenda kwenye kikundi na hurudi amechangamka, jambo ambalo nyumbani hatujalizoea kwake. Sitaki kumpoteza, lakini nahofia wamemshawishi. Mnafanya nini humo? Je, ni maradhi ya akili? Na mimi nimwite nani?
— Mama Mwenye Maswali

Dada, asante kwa kuuliza badala ya kukisia. Wazazi wengi hukisia, na mtoto huisikia ile kimya ya chakula cha usiku akajua anachokisiwa.

Si maradhi ya akili. Mwaka 2019 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha toleo la 11 la orodha ya kimataifa ya magonjwa, nalo likaanza kutumika Januari 2022. Humo suala hili limeondolewa kwenye sura ya matatizo ya akili na kuwekwa kwenye sura ya hali zinazohusu afya ya kijinsia. Limeachwa ndani ya orodha kwa makusudi, ili anayehitaji daktari aendelee kupata huduma bila kubandikwa wazimu.

Tunayofanya kikaoni ungeyaona ungesema, kumbe ni haya tu? Kijana anafundishwa kufunga tai. Mwingine anajifanyisha mahojiano ya kazi na wenzake wanakuwa waajiri: vyeti vyako vina jina jingine, kwa nini? Anajibu, anakwama, anajibu tena, mpaka jibu linamtoka bila kutetemeka. Kuna anayetafuta mtu wa kuchangia naye chumba cha kupanga. Kuna anayesinzia kwenye kiti baada ya zamu ya usiku, na tunamwacha asinzie, maana kwingine hulala kwa jicho moja. Wapo walioamua kutobadili chochote mwilini. Wapo walioanza safari wakasita, wakarudi nyuma, na viti vyao bado vipo. Dawa hatugawi. Homoni ni kazi ya daktari na vipimo vya damu, na kwetu kupeana vidonge au sindano ni kosa la kumfukuzisha mtu.

Kuhusu kushawishiwa, mtoto wako simjui, lakini wale ninaowajua walifika wakiwa wameubeba mzigo huu muda mrefu kabla hawajasikia kwamba sisi tupo. Kikundi hakikuwapa jambo la kusema. Kiliwapa watu wa kuwaambia. Huo uchangamfu unaouona, dada, usiuogope. Huyo ndiye mtoto wako akiwa hajajificha.

Mwite jina alilolichagua. Mwanzoni litakukwama kooni, na siku likikukwama sana sema "mwanangu", usikae kimya. Ukiteleza ukamwita la zamani, jisahihishe papo hapo uendelee na ulichokuwa ukisema. Usianze kulia na kuomba radhi hata ikawa yeye ndiye wa kukubembeleza wewe. Huzuni yako ya binti uliyemzoea ina haki yake, lakini ipeleke kwa mtu mzima mwenzako. Ndiyo maana vipo vikundi vya wazazi. Juni 1972, mwalimu mmoja wa New York, Jeanne Manford, alitembea kwenye maandamano bega kwa bega na mwanawe, kijana aliyependa wanaume wenzake, akiwa na bango la kuwaomba wazazi waungane kuwatetea watoto wao. Mwaka uliofuata wazazi wachache wakakutana kanisani, na huo ukawa mwanzo wa PFLAG, jumuiya ya wazazi na familia za watu wa mapenzi ya jinsia moja, ambayo baadaye ilizipokea pia familia kama yako. Muulize mwanao kama kikundi chake kina siku ya wazazi. Lile swali lenyewe, likitoka kinywani mwako, litamfanyia kazi kubwa kuliko unavyodhani.

HUYU MZEE NI MWENZETU?

Shangazi, kwetu kuna mzee mmoja ambaye huvaa nguo za kike jioni ya kikao tu. Kikao kikiisha hubadili, hujifuta rangi ya mdomo na kurudi kwa mkewe. Hataki homoni, hataki jina jipya kazini. Baadhi yetu tumepoteza ajira na ndugu kwa ajili ya haya mambo. Watu wakimwona yeye wanadhani na sisi tunacheza. Tumwombe aondoke?
— Tumechoka

Hapana. Msimwombe.

Nitakuwa mkali kidogo, na ukali huu ni wa mapenzi. Yule Virginia Prince niliyemtaja hapo juu aliendelea kujenga mtandao wa vikundi, akauwekea masharti: waingie wanaume wanaopenda wanawake, na wasiotaka kubadili mwili. Waliopenda wanaume walibaki nje. Waliotaka kubadili mwili, yaani watu kama wewe na mimi, walibaki nje. Juni 1973, New York, Sylvia Rivera alipanda jukwaani mbele ya umati wa watu wa mapenzi ya jinsia moja kuwasemea wenzake waliokuwa jela. Huyu ndiye aliyeshirikiana na Marsha P. Johnson mwaka 1970 kuanzisha STAR, kikundi cha kuwatetea watu kama sisi, na kuwatafutia paa vijana waliolala barabarani. Walimzomea. Walimzomea watu aliowaita wa kwao, kwa sababu waliona sura yake inawachafulia. Kwa hiyo hilo la "anatuharibia" tumeshatupiwa sisi wenyewe, na linauma. Sitaki lisikike tena, safari hii kutoka vinywani mwetu.

Uchungu wenu naujua, wala siubezi. Ninyi mmelipa kwa kazi na ndugu, naye mnamwona anafaidi bure. Lakini mtu anayejifuta rangi ya mdomo kila jioni mbele ya kioo kilekile, akikagua pembe za midomo isibaki hata chembe kabla ya kushika njia, huyo naye analipa. Analipa kidogo kidogo, na hajui deni litaisha lini. Huenda mkewe anajua, huenda hajui. Huenda ile jioni moja ndiyo inayomfanya aamke siku zinazofuata. Hamjamuuliza.

Sisi tunaye wa aina yake. Ndiye fundi wetu. Wanawake wenye mabega mapana humjia na magauni yaliyowakataa, naye huyafumua mikono iliyotuna begani, akashusha mshono, akafungua shingo iwe ya V ili jicho lishuke chini badala ya kukimbia pembeni. Hufanya hivyo pini zikiwa mdomoni, hawezi hata kuongea. Wasichana wetu wengi walioenda kwenye usaili wa kazi wamevaa nguo zilizopita mikononi mwake. Hakuna anayemuuliza ataanza lini dawa.

Kama mzee wenu ana tabia mbaya, huwagusa watu bila ridhaa, huwapiga picha, huwaita wengine majina ya zamani, hilo ni jambo jingine na mlishughulikie, kama ambavyo mngelishughulikia kwa mtu aliyebadili kila kitu. Vinginevyo tengeni kikao cha kusema hasara zenu. Semeni mliyopoteza, kwa majina yake: kazi, nyumba, mama. Yeye awepo asikilize. Nina imani atakuwa na lake la kusema pia.

MWANAMUME PEKE YANGU

Shikamoo Shangazi. Kikundi chetu kizima ni wanawake isipokuwa mimi. Mazungumzo ni vipodozi na nywele. Wananipenda, lakini wananipapasa mashavu kama mtoto mchanga. Jambo lingine, kifua nakibana kwa bendeji na siku hizi mbavu zinauma.
— Kaka wa Pembeni

Marahaba, kaka. Bendeji ivue leo, kabla hujamaliza kusoma ukurasa huu. Bendeji ya kuvutika hukaza kadiri unavyopumua na inaweza kuumiza mbavu. Tafuta fulana iliyoshonwa kwa kazi ya kubana kifua, kwa kipimo chako halisi. Usipunguze saizi ukidhani utafaidi. Isipite kama saa nane kwa siku, usilale nayo, usifanyie mazoezi mazito. Na kwa kuwa maumivu yameshaanza, mwone daktari.

Kuhusu upweke, waambie wazi hao dada zako kwamba mashavu yako si ya kupapaswa. Wataona haya, kisha watazoea. Wanajua vizuri jinsi inavyouma kutendewa kama mtu usiye wewe. Halafu omba kikao kimoja kati ya kadhaa kiwe cha wanaume, hata kama mwanzoni mtakuwa wawili. Lou Sullivan, mwanamume aliyebadili jinsia kama wewe, alianzisha mikutano ya namna hiyo San Francisco mwaka 1986, baada ya miaka ya kuandikiana barua na wanaume waliodhani wako peke yao duniani. Yeye mwenyewe alikuwa amekataliwa matibabu kwa sababu alipenda wanaume, na madaktari wa wakati huo hawakuelewa mtu kama huyo. Alifariki kwa UKIMWI mwaka 1991, lakini kikundi kiliendelea na kikavuka mipaka ya nchi yake.

MIEZI YA MISIBA

Shangazi, kila Novemba tunasoma majina ya wenzetu waliobadili jinsia waliouawa. Natoka pale nimevunjika. Ni dhambi nikisema sitakuja mwaka huu?
— Nimechoka Kulia

Si dhambi, mwanangu, baki nyumbani. Siku ile ya 20 Novemba ilianzishwa mwaka 1999 na Gwendolyn Ann Smith kwa ajili ya Rita Hester, aliyeuawa mwaka mmoja kabla huko Massachusetts, na sisi wengine tutakushikia zamu. Miaka kumi baadaye, mwaka 2009, Rachel Crandall wa Michigan alichoka kama ulivyochoka wewe, kuona siku pekee tuliyo nayo ni ya marehemu, akaanzisha ya 31 Machi kwa walio hai. Njoo hiyo. Vaa unachokipenda kuliko vyote.

AMETOWEKA

Shangazi, mwenzetu mmoja hajaonekana muda mrefu. Simu inaita haipokelewi. Wengine wanasema tumwende nyumbani, wengine wanasema tumwache. Kwake anaishi na kaka zake, nao hawajui lolote.
— Katibu wa Kikundi

Katibu, msiende nyumbani kwa kundi. Mkifika watano, mmoja na gauni lake, mwingine akamwita jina la kikaoni mbele ya kaka zake, mtakuwa mmemtolea siri ambayo ni yake peke yake.

Angalieni kwanza daftari. Kikundi makini humuuliza kila mwanachama, siku anapojiunga, mambo matatu: tukupigie namba gani, tukuite nani kwenye simu hiyo, na tukipokelewa na mwingine tuseme sisi ni nani. Kama mliandika, fuateni alichokisema neno kwa neno. Kama hamkuandika, atume ujumbe mtu mmoja tu, yule aliyekuwa karibu naye zaidi, maneno ya kawaida yasiyotaja kikundi wala jina: "Habari za siku nyingi, ukipata nafasi nipigie." Usiku usitume. Mkiwa na sababu ya kweli ya kuogopa kwamba yuko hatarini, kwa mfano aliwahi kusema anataka kujiua au kwamba anapigwa, hapo msingoje: tafuteni msaada wa dharura, waambieni wanaosaidia kwamba jina la nyumbani ni lipi, na kwamba hayo mengine wasiyataje mbele ya familia.

Akipokea simu, usimpe hesabu ya vikao alivyokosa. Wengi hupotea kwa aibu: ameishiwa, ameachwa, amenyoa nywele zake kwa kulazimishwa na anaona hana sura ya kuwaonyesha. Mwambie kikao kijacho ni lini na nani atakuwa mlangoni. Akisema haji tena, mwulize kama angependa mwendelee kumjulia hali, na kwa namba ipi.